Hesabu ya Jezi Kumi na Tano

Januari nilikabidhiwa gunia,
ndani yake jezi kumi na tano, kijani cha jani la mkorosho,
na neno moja la Mwalimu Tsuma: "Zishone, zisitutie aibu."
Mimi ni wa cherehani, mwaka wa pili.
Raga siijui. Nilipouona mpira wao
nilidhani umekaliwa na mtu.

Uwanja wa chuo uko nyuma ya karakana ya uchomeleaji:
mchanga mwekundu, mbigili, mbuzi wa jirani.
Magoli ni miti ya mvinje, kazi ya wanafunzi wa useremala,
mmoja umeinama
kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Mechi ya kwanza, Voi. Arobaini na moja kwa tatu.
Ile tatu aliipiga Shee Famau kwa mguu mtupu,
kiatu kimebaki ndani ya skramu;
alisema angekirudia, refa angebadili mawazo.
Daftari langu la siku ile:
kola mbili, kwapa tatu,
namba nane imechanika toka bega hadi kiuno.
"Huu ni mkono wa nani?" nikamuuliza Jefwa, nahodha.
"Wao wote," akasema.

Basi nikajifunza raga kwa sindano.
Wa mbele huisha mabegani.
Wa katikati huisha viwiko.
Na namba kumi na nne, Bwanaheri, mkimbiaji wa pembeni,
anayeshangiliwa na wasichana wa upishi kila akigusa mpira,
yake ilirudi na mkunjo wa pasi
niliouweka mwenyewe.
Mechi ya pili, mkunjo. Ya tatu, mkunjo.
Nguo haijui kusingizia.
Sikumwambia mtu.

Aprili walikuja Kilifi, mvua ikaja nao.
Dakika ya kumi hakuna namba iliyosomeka,
ni matope tu yakikimbizana na matope.
Hiribae wa Garsen, mzito, mpole, alianguka na mpira
na watu saba wakamwangukia.
Refa akapiga magoti kuchungulia
kama mtu aliyepoteza shilingi chini ya kitanda.
Akapuliza.
Kumi na mbili kwa kumi, zetu kumi na mbili!
Mwalimu Tsuma alimkumbatia dereva wa Kilifi kwa makosa.
Nililoweka jezi zile siku mbili.
Maji ya tatu bado yalikuwa rangi ya chai,
na sikuyamwaga upesi.

Juni, orodha ya karo ikabandikwa ubaoni.
Asiyelipa hachezi.
Babake Jefwa hupakia chumvi Gongoni,
na mwaka huu chumvi ililipwa kwa ahadi.
Jumamosi alisimama nje ya seng'enge
jezi imo ndani ya shati, kifungo cha juu kimefungwa
ili isionekane.
Jioni akanirudishia, imekunjwa vizuri.
Ilinuka sabuni yangu, basi.
Niliifua hata hivyo.

Tangu hapo nilikuwa na jezi mbili safi,
na hazikuwa na usafi mmoja.

Mechi ya saba, ya mwisho, Hola.
Dakika zimekwisha, jitu lao limetoka na mpira,
na aliyebaki njiani ni Bwanaheri peke yake.
Alifumba macho. Niliona, nilikuwa karibu na mstari.
Alifumba macho akamrukia,
wakaburutana hatua nne, tano,
kisha kitambaa kikalia, sauti ninayoijua hata usingizini,
na lile jitu likapita.
Kumi na tisa kwa kumi na saba.

Tulicheza saba, tukashinda moja.
Gunia limerudi kwangu. Nimezihesabu mara mbili.
Namba kumi na nne haina mkono wa kushoto;
tuliutafuta kwenye mbigili hadi giza likaingia.
Nimekata mwingine kutoka sketi yangu ya zamani.
Kijani chake si kile. Kwa mbali hutaona.
Ukija karibu utaona,
maana nimeushona kwa uzi mweupe.